Dalali Asiyetoa Dalili: Mwenye Shamba na Lugha ya Mauzo ya Ardhi

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa na watu wengi nchini Kenya bila kuhesabiwa kuwa fasihi wala kushughulikiwa na wanaisimu, kuna yale yanayoandikwa kwa rangi juu ya kuta, malango na vibao vilivyochomekwa katikati ya nyasi: "Shamba hili haliuzwi." Wakati mwingine huongezwa onyo: "Jihadhari na matapeli." Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Kitengela, Ruiru au Kangundo huyakuta mara kwa mara. Ukiyatazama kwa makini, maandishi hayo ni ya ajabu, kwani ada ya soko ni kutangaza kinachouzwa, si kisichouzwa. Mwenye duka haandiki mlangoni kwamba kiti anachokalia hakiuzwi. Iweje basi mwenye shamba agharamie rangi na brashi ili kuutangazia ulimwengu kwamba hana nia ya kuiuza mali yake?

Jibu ni kwamba yupo mtu mwingine anayeiuza bila ya kutumwa. Huenda mtu huyo akawa tapeli halisi mwenye stakabadhi za kughushi; huyo ni mhalifu na dawa yake ni polisi na mahakama. Lakini aghalabu mtu huyo ni dalali wa kawaida, asiyeghushi chochote, ambaye ameliona shamba, akampeleka mteja kulitazama, kisha akarudi kwa mwenyewe asubuhi, mchana na jioni akimsihi, akimbembeleza na kumtisha hadi akubali. Makala haya yanamhusu huyu wa pili, kwa sababu ndiye mgumu zaidi kumkabili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nguvu ya dalali msumbufu haitokani na fedha, kwa kuwa fedha si zake. Hutokana na mambo mawili: haraka anayomtia mwenye shamba, na maneno anayomficha. Ikiwa ndivyo, basi kinga ya mwenye shamba haipo tu katika ua na kufuli. Ipo pia katika lugha, na hapo wapenzi wa Kiswahili wana jukumu ambalo hawajalitekeleza.

Neno lenyewe linafaa kuchunguzwa kwanza. "Dalali" ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio ule ule uliotupatia neno "dalili". Maana ya msingi ya mzizi huo ni kuonyesha au kuelekeza. Dalali, kwa asili ya jina lake, ni mtu anayeonyesha njia: humwonyesha mwenye mali alipo mnunuzi, na kumwonyesha mnunuzi ilipo mali. Katika miji ya pwani neno hili lilitumika pia kwa mtu anadiye bidhaa mnadani, mbele ya macho na masikio ya watu wote. Kazi yake ilikuwa ya hadhara. Kila aliyehudhuria aliisikia bei ikipanda, na mwenye mali aliisikia pia. Kinyume chake, dalali wa ardhi wa siku hizi, ambaye vijana humwita "broka", hufanya kazi yake kwa kunong'ona. Anachomwambia mwenye shamba hakimfikii mnunuzi, na anachomwambia mnunuzi hakimfikii mwenye shamba. Amebaki na jina la udalali lakini ameiacha dalili.

Ili kuelewa jinsi kazi hii ilivyopanuka, yafaa kuangalia historia ya karibuni ya ardhi katika maeneo yanayouzunguka mji mkuu. Katika Kaunti ya Kajiado, kwa mfano, sehemu kubwa ya malisho ilimilikiwa kama ranchi za pamoja chini ya sheria ya 1968 iliyohusu wawakilishi wa vikundi vya wamiliki wa ardhi. Baadaye ranchi nyingi ziligawanywa, na familia zikapewa hatimiliki za vipande vyao. Mtu aliyekuwa mmoja kati ya wengi katika umiliki wa malisho akajikuta mwenye ardhi binafsi, na kwa hivyo mwenye kitu kinachoweza kuuzwa kwa sahihi yake. Wakati huo huo Nairobi ilikuwa ikitanuka kwa kasi. Barabara kuu ya Thika ilijengwa upya kati ya 2009 na 2012. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Na katika ukanda wa Lamu, mradi wa bandari uliozinduliwa mwaka 2012 uliamsha hamu ya ardhi mahali ambapo awali wageni wachache tu waliiulizia. Kila palipotajwa barabara, reli au bandari, dalali alitangulia kufika kabla ya tingatinga.

Hapana ubaya katika kutangulia kufika. Ubaya umo katika namna shinikizo linavyojengwa. Dalali msumbufu hatumii nguvu za mwili. Hutumia utu wa mwenye nyumba. Katika jamii zetu mgeni hafukuzwi. Akibisha hodi hukaribishwa, akikaa hupewa chai, na akizungumza husikilizwa. Dalali anaifahamu desturi hii vizuri. Siku ya kwanza huja kusalimu. Siku ya pili huja na habari kwamba jirani wa upande wa juu amekwisha kuuza. Siku ya tatu huja na mnunuzi "aliyekwisha kutenga pesa" ambaye ataondoka kesho asipojibiwa leo. Siku ya nne huja na uvumi: serikali inataka kuitwaa ardhi yote ya upande ule, na atakayechelewa hatapata hata ndururu. Akishindwa na mzee, huwatafuta vijana wake sokoni, akawanunulia soda au kitu kikali zaidi, akawaambia kwamba baba yao amelalia mamilioni ilhali wao wanatembea kwa miguu. Kufikia juma la pili, shinikizo halitoki tena nje ya boma. Linatoka mezani pa chakula. Kikulacho ki nguoni mwako, nao waliosema hivyo walijua kwamba adui wa nje hushinda kwa urahisi apatapo msaidizi wa ndani.

Mbinu nyingine, iliyo ya hatari zaidi kwa kuwa huvaa sura ya wema, ni mkopo mdogo. Karo ya mwana imechelewa, au mgonjwa amelazwa na hospitali inadai. Dalali anajitokeza na shilingi elfu kumi au ishirini, hataki riba wala hati. Baada ya mwezi anauliza deni lake kwa upole, na kwa upole huo huo anaeleza kwamba nusu ekari tu ingelimaliza. Kiswahili kina neno "arbuni" kwa malipo ya kwanza yanayotolewa ili kuthibitisha nia ya kununua, na kina kitenzi "kurubuni" kwa kumshawishi mtu kwa hila. Maneno haya yanakaribiana mno kwa sauti, na katika biashara ya namna hii yanakaribiana pia kwa matendo. Fedha ambazo mwenye shamba alizipokea kama fadhila huja kutajwa baadaye kuwa zilikuwa arbuni, na kwamba kwa kuzipokea alikwisha kuuza.

Hebu ichukuliwe hali ya bei. Mwenye shamba ana ekari tano, na amekubali shilingi 1,500,000 kwa kila ekari. Dalali anamwendea mnunuzi na kumtajia shilingi 2,000,000. Tofauti ni shilingi 500,000 kwa ekari, yaani shilingi 2,500,000 kwa shamba zima, nayo haiitwi ujira wala haiandikwi popote. Kwa lugha ya vijiweni huitwa tu "ya juu". Ikiwa kuna madalali wanne katika mnyororo huo, wa kwanza akimjua mwenye shamba, wa mwisho akimjua mnunuzi, na wawili wa katikati wasimjue yeyote kati yao, kila mmoja huongeza chake. Siku ya kulitazama shamba, mwenyewe huonywa: "Mzee, bei usiitaje, huyu ni mtu mkubwa na hapendi maneno mengi." Mnunuzi naye huambiwa kando: "Mzee ni mkali, wacha nizungumze naye mimi." Watu wawili wenye haja ya kuzungumza husimama hatua kumi baina yao, na kati yao akasimama mtu ambaye riziki yake inategemea wasizungumze.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza waziwazi. Mkataba wa mauzo ya ardhi nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza kwa desturi. Kurasa zake hujaa istilahi za kisheria ambazo hata mhitimu wa chuo kikuu huzisoma mara mbili. Mwenye shamba ambaye hakubahatika kukaa darasani muda mrefu huuliza, "Imeandikwa nini hapa?" Anayemjibu mara nyingi ni dalali yule yule. Yaani, mtu atakayelipwa endapo sahihi itatiwa ndiye anayepewa kazi ya kueleza kile kinachotiwa sahihi. Katika mahakama hakuna anayekubali kwamba mshtaki awe mkalimani wa mshtakiwa, na katika hospitali muuza dawa hapewi kazi ya kumweleza mgonjwa ugonjwa wake. Kwa nini basi jambo hili likubaliwe katika uuzaji wa mali ambayo mtu huiuza mara moja tu maishani, na ambayo wajukuu hawawezi kuinunua tena?

Mambo ambayo mwenye shamba huhitaji kuyaelewa si mengi, nayo hayashindi uwezo wa Kiswahili. Bei kamili ni ipi, na ni ile ile anayoijua mnunuzi? Arbuni ni kiasi gani, nayo itashikwa na nani hadi mauzo yakamilike? Salio litalipwa lini, na likichelewa itakuwaje? Mnunuzi ataruhusiwa kuingia shambani siku ya arbuni au siku ya salio? Hatimiliki ya asili itakaa kwa nani wakati huo wote? Nani atamlipa mpima ardhi ikiwa shamba litagawanywa? Familia inayokaa katika shamba itahama lini, na makaburi yaliyomo yatahifadhiwa vipi? Kila mojawapo ya maswali haya inaweza kujibiwa kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo mzee wa Isinya au mama wa Kilifi anaweza kusomewa na mjukuu wake wa darasa la saba. Yanaposalia katika Kiingereza cha mawakili na katika kinywa cha dalali pekee, hayo ndiyo maneno yaliyofichwa.

Ni haki kusikiliza upande wa pili. Wapo watakaosema kwamba dalali anaonewa. Bila yeye, watasema, mwenye shamba aliye mbali na mji angempata wapi mnunuzi, na mnunuzi aliye ughaibuni angelijuaje shamba? Dalali hutembea juani, hulipia nauli na simu, huonyesha mashamba ishirini ili moja liuzike, na mara nyingi wenye mali na wanunuzi humzunguka wakamalizana bila kumpa senti. Aidha, wapo wenye mashamba ambao wenyewe ni walaghai, wanaouza kipande kimoja kwa watu watatu. Hoja hizi zina uzito na hazipaswi kupuuzwa. Biashara yoyote huhitaji mtu wa katikati, na ujira wa kazi halali ni haki.

Hata hivyo, hoja hizo zinathibitisha ulazima wa kuweka mambo katika maandishi, hazizipingi juhudi hizo. Dalali anayeogopa kuzungukwa ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai karatasi. Sheria nayo imeshaonyesha njia. Sheria ya mawakala wa mali isiyohamishika ya 1984 iliunda bodi ya kuwasajili mawakala hao, na kumkataza mtu asiyesajiliwa kuifanya kazi hiyo. Kwa hivyo swali la kwanza ambalo mwenye shamba ana haki ya kumwuliza anayemjia ni rahisi: "Umesajiliwa? Nionyeshe cheti chako." Swali la pili ni: "Unamwakilisha nani, mimi au mnunuzi?" Hapa Kiswahili kina hazina ya kutufaa. "Wakala" ni mtu aliyetumwa na mwingine na anayewajibika kwa aliyemtuma. "Dalali" ni mtu asimamaye katikati. Anayekuja bila kutumwa hawezi kujiita wakala. Akitaka kuwa wakala, basi na apewe barua fupi inayotaja shamba, bei ya chini kabisa inayokubalika, ujira wake, nani atakayeulipa, na tarehe ambayo ruhusa hiyo itakwisha. Tarehe hiyo ikipita, ruhusa imekufa, wala hana sababu ya kubisha hodi tena.

Kuna karatasi moja, hata hivyo, ambayo mwenye shamba anapaswa kuiogopa kuliko kutokuwa na karatasi. Nayo ni hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Dalali huileta kama njia ya kumpunguzia mzee usumbufu: "Tia sahihi hapa, nami nitakuhangaikia ofisini." Hati ya namna hiyo, ikiandikwa kwa upana, humruhusu aliyepewa kuuza, kupokea fedha na kutia sahihi. Vivyo hivyo, nakala ya hatimiliki haipaswi kutolewa kwa kila aombaye. Nambari ya shamba humsaidia mnunuzi wa kweli kufanya upekuzi katika ofisi ya msajili wa ardhi na kumjua mwenyewe ni nani na kama shamba limewekwa rehani. Nakala inayozunguka katika simu za madalali kumi ni mwaliko kwa mghushi.

Ama kuhusu haraka, silaha ya pili ya dalali, sheria za Kenya zinampa mwenye shamba muda kuliko anavyodhani. Sheria ya mikataba inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe katika maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Kwa hivyo neno lililotamkwa katika hoteli ya sokoni, hata mbele ya mashahidi kumi, kwa kawaida haliwezi kupelekwa mahakamani kama mauzo ya ardhi. Ikiwa ardhi ni ya kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya udhibiti wa ardhi, sheria ya 1967 inataka idhini ya bodi hiyo, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu kufanyika kwa makubaliano. Bila idhini, kwa maneno ya sheria hiyo, mauzo ni batili, ijapokuwa katika baadhi ya kesi mahakama zimezingatia pia haki na uungwana. Sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 nayo inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke. Dalali huviita vipengele hivi vizingiti, na hujitolea "kuvishughulikia". Kwa kweli vimewekwa ili mke asikie, watoto wasikie, na bodi imwulize mwuzaji ana kwa ana kama ameelewa anachokifanya. Anayemharakisha mwenye shamba avipite anamvua ngao yake mwenyewe.

Mwenye kuuza pia hastahili kushtukizwa na gharama. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, lakini kodi ya faida itokanayo na kuuza mali humwangukia mwuzaji. Kodi hiyo ilirejeshwa mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, ikapandishwa kuwa asilimia 15 kuanzia Januari 2023, ingawa sheria imesamehe mauzo ya aina fulani. Ni nadra kwa dalali kuitaja, kwa kuwa hesabu yake huishia pale anapopokea chake. Mzee aliyeahidiwa milioni kadhaa hugundua katika dakika za mwisho kwamba ana deni la serikali asilolijua. Swali la kodi halina budi kuulizwa kwa wakili wa mwuzaji mwenyewe, si wakili aliyeletwa na mnunuzi wala rafiki wa dalali, na liulizwe kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Yote haya yanarudi kwenye jambo moja: mwenye shamba awe na maneno yake. Wengi hawashindwi kukataa kwa kukosa nia. Hushindwa kwa kukosa namna ya kukataa bila kuuvunja utu wao. "Nitafikiria" na "tutaonana" ni kauli za heshima, lakini dalali huzipokea kama ahadi na kumwendea mnunuzi na kusema kwamba mzee amekubali kwa asilimia tisini. Kukataa kwa adabu na kwa uwazi kunawezekana: "Ahsante kwa kunitembelea. Shamba hili haliuzwi, na nikitaka kuliuza nitakutafuta mwenyewe. Usimlete mtu kulitazama." Anayekusudia kuuza naye anaweza kusema: "Bei nitaitaja mbele ya mnunuzi na wakili wangu, na hakuna nitakachotia sahihi kabla ya kusomewa kwa Kiswahili nyumbani kwangu, mke wangu na watoto wangu wakiwapo." Kauli mbili kama hizo zinamweka wazi aliyekuja kwa hila. Aliye na mnunuzi wa kweli atarudi. Asiye naye atakwenda kutafuta boma jingine. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: na ununuzi usioweza kusubiri mwezi mmoja haukuwa mwema tangu mwanzo.

Sasa, wapi pa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili katika haya? Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilizindua Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili. Ikiwa shughuli za Bunge zimewezekana kuelezwa kwa lugha hii, mkataba wa kuuza ekari mbili hauwezi kuwa mgumu kuliko hizo. Kinachokosekana si msamiati. Ni watu wa kuukusanya, kuusanifisha na kuufikisha kijijini. Mfano mdogo unatosha. Hadi leo kuna wanaoandika "hakimiliki" wanapokusudia "hatimiliki". Neno la kwanza ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. La pili ni hati ya umiliki wa ardhi. Herufi moja inatenganisha mwandishi wa riwaya na mwenye shamba, na mkanganyiko huo ukiingia katika mkataba haubaki tena kuwa kosa la tahajia.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo chochote kinaweza kulifanya hili bila bajeti kubwa. Kwa kushirikiana na wanafunzi wa sheria, kinaweza kuandaa kielelezo cha mkataba wa mauzo kwa Kiswahili sanifu, kielelezo cha barua ya kumpa wakala ruhusa yenye tarehe ya kikomo, na ukurasa mmoja wa maswali ambayo kila mwuzaji anapaswa kuyauliza. Wanachama wanaporudi nyumbani likizoni, wanaweza kuyasoma hayo katika baraza la chifu, kanisani au msikitini, na kuyafafanua kwa lugha za wenyeji pale ambapo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kuna wanaolalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha kuchoshwa na kwamba kila mwaka hurudiwa usawiri wa wahusika katika riwaya zile zile. Mikataba ya ardhi, matangazo ya ukutani na mazungumzo ya madalali ni matini pia. Ni matini zinazoamua nani atalala wapi.

Haifai kudai kwamba lugha peke yake itaponya kila kitu. Mwenye tamaa ataelewa mkataba vizuri na bado auze urithi wa wanawe kwa sababu ya pikipiki. Mwenye njaa atauza hata akijua anapunjwa, kwa kuwa mgonjwa hasubiri bodi ikutane. Ukosefu wa ajira unaowafanya vijana wengi kuwa madalali hautaondolewa kwa istilahi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeuza akijua na mtu aliyeuza akidhani amekopeshwa. Wa kwanza ana la kujilaumu. Wa pili amenyang'anywa. Na kati ya hao wawili, wanaosimama leo kando ya barabara wakitazama ukuta wa mawe ukijengwa mahali palipokuwa zizi lao, wengi si wa kundi la kwanza.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama zao daftari lilikuwa la duka na la deni. Katika zama hizi, daftari la mwenye shamba ni mkataba aliouelewa neno kwa neno kabla ya kuushika wino. Dalali mwaminifu hatapoteza chochote mkataba huo ukiandikwa kwa Kiswahili, kwa maana atarudia kazi ambayo jina lake linamwelekeza: kuonyesha. Asiye mwaminifu ndiye atakayedai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Akisema hivyo, mwenye shamba na achukue dai hilo kuwa dalili.